Tulisema Hatuna Redio

Magarama, Gitega
Jumapili, tarehe 5 mwezi wa kumi, 2025

Mpendwa dada yangu Christina,

Nakusalimu kwanza. Miguu yako vipi? Mtu aliyetoka Kasulu mwezi wa nane aliniambia unatembea na fimbo. Hakusema ni mguu gani. Shemeji Eliud kifua kimetulia? Nijibu hata mstari mmoja, sababu namba yako ya simu haiiti tena na mpya sina.

Mi ni mzima. Mgongo tu. Bado nafanya yedi, nabebea mafundi mchanga na matofali, na miaka ni hamsini na sita. Shantie ya sasa, pale tunapojenga, ni nyumba ya mtu wa Bujumbura, iko karibu na soko. Mafuta hamna mjini, malori yamelala, simenti haifiki, na sisi tunakaa kwenye kivuli cha ukuta nusu tukiangaliana. Siku ya kukaa hailipwi. Sukari nayo haionekani. Mukinywa chai huko, kunyweni na yangu.

Kaburi la mke wangu Emerensiana nimelipiga simenti mwezi wa saba. Fundi alinipa mfuko uliobaki nusu. Msalaba bado ni wa mti. Miaka minne sasa, dada. Sitaki kuongea sana juu ya hiyo.

Salamu zimetosha. Kuna jambo limenikalisha chini na kalamu, na we unajua mi na kalamu hatupatani. Ni jambo baya. Nimelifanya mimi.

Mwanangu Anisia amefukuzwa kazi.

We unajua kazi yake. Redio Kiwanja, hapa Gitega, upande wa michezo. Kila siku saa sita na nusu mchana anasoma habari za mpira kwa Kiswahili, na Jumapili anatangaza mechi. Miaka mitano. Mwanzo watu walicheka, mwanamke anajua nini mpira. Baadaye wakazoea. Baadaye wakawa hawataki mwingine. Akipita kwenye kartie yetu, mtaani hapa, wanampigia kelele, Mama Goli! Mama Goli! Mpaka wamama wanaouza ndagala, dagaa zenu huko, wanasimama na kuuliza nani atacheza Jumapili. Mi nilikuwa natembea nyuma yake kidogo, nisikie.

Jumapili tarehe 14 mwezi uliopita walimtuma Muyinga kutangaza mechi. Mabasi hayakuwa na mafuta, akapanda juu ya lori la viazi. Mi nilikuwa nyumbani na redio. Kipindi cha kwanza nilikisikia chote. Ikafika mapumziko, likapita tangazo moja, halafu muziki. Nikangoja. Muziki. Nikaipiga redio kofi. Muziki tu mpaka jioni.

Kumbe walikata. Kipindi cha pili hakikuwa na mtu wa kukilipia tangazo, na direkta akaamua siku hiyohiyo kwamba upande wa michezo umekwisha. Anisia hawakumwambia. Mtoto wangu alisimama pembeni ya uwanja wa Muyinga na maikrofoni yake, akatangaza dakika arobaini na tano zote kwenye laini iliyokufa. Kulikuwa na magoli mawili. Yote aliyapigia kelele. Waliomsikia ni wale waliokaa karibu naye kwenye majani, basi.

Alijua Jumatatu. Alikuta karatasi kwenye mlango wa redio. Majina manne: yeye, Shafii aliyekuwa anasoma matokeo ya nje, na mafundi mitambo wawili. Saa sita na nusu sasa wanaweka mhubiri. Mhubiri analipa mwenyewe.

Mi nilikwenda kumwona huyo direkta. Anaitwa Nassoro. Nilivaa koti, nikanawa simenti kwenye kucha. Nilikuwa nimepanga kumtukana. Alinikalisha kwenye kiti, akaniletea maji, ikawa ngumu.

"Mzee, mi sina chuki na binti yako," akasema. "Anatangaza kuliko wanaume wote niliokuwa nao."

"Sasa?"

"Sasa soma hii."

"Hiyo ni Kifaransa. Nisomee."

Akanieleza. Kila mwaka iko kampuni moja inatoka Bujumbura, inapita kwenye nyumba kuuliza watu jana walisikiliza redio gani. Halafu inatengeneza karatasi na kuiuza. Wenye simu wanainunua, wenye bia wanainunua, wenye mabati wanainunua. Wanaangalia watu iko redio gani, wanapeleka matangazo huko. Redio yenye matangazo inalipa watu wake. Isiyo nayo inafukuza. Hivyo tu. Mi nilifikiri redio inalipwa na serikali, au na mtu tajiri anayependa mpira. Sikuwahi kujiuliza.

Akaweka kidole kwenye karatasi. Magarama, nyumba arobaini. Zenye redio, sita. Waliosikiliza michezo ya Kiwanja, mmoja. Akashuka na kidole. Buraza, nyumba thelathini. Zenye redio, hakuna.

"Mzee, kilima kizima cha Buraza hakina redio hata moja. Mi mwenyewe nilishangaa. Watu wa pale walikuwa wananipigia simu kila Jumapili."

Nikamuuliza waliuliza lini. Akasema wiki ya mwisho ya mwezi wa nne. Nikamuuliza walivaa nini.

"Jile za kijani, zile zisizo na mikono. Kwa nini?"

Dada, yale maji niliyokuwa nakunywa yalinipita vibaya.

We utaelewa haraka kuliko mtu yeyote, sababu we ndiye ulinifundisha. Unakumbuka kambini, tulipokuwa wakimbizi Tanzania, siku ya kuhesabiwa. Wanakuja wale wa msaada na kofia zao na makaratasi, wanaangalia nyumba ina nini. Ukionekana na baiskeli, we si maskini. Ukionekana na redio, we si maskini, na unga unapunguzwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza akiwaona anapiga kelele, na kambi nzima inaficha. Baiskeli kwenye kisima kikavu. Redio kwenye maharagwe. Mi nilikuwa mtu mzima, nina mke na mtoto, na bado we ndiye ulikuwa unanipigia kelele, Damiano, redio! Maisha yangu yote nimehesabiwa, na maisha yangu yote nimesema sina.

Mwezi wa nne hapa kulikuwa na maneno kwamba kuna mradi unakuja kuandika maskini, watapewa hela. Kila mtu alikuwa anaongea hiyo. Siku moja asubuhi natoka kwenda shantie, nawaona wale wa jile kwenye nyumba ya kwanza chini ya barabara. Wana tableti mkononi. Nikapunguza mwendo nisikie. Wanauliza mnalala wangapi. Paa ni bati au tegula za udongo. Baiskeli iko? Redio iko?

Sikusikia zaidi. Nikageuka.

Nilikimbia, dada. Na mgongo huu. Nilipita mlango kwa mlango nikisema ficheni redio, wanahesabu! Hakuna aliyeuliza wanahesabu nini. Wote tuliotoka Tanzania walielewa kwa neno moja, na ndio wengi kwenye mistari hii yetu ya nyumba. Hata jirani yangu Shakila, yeye ni mtu wa mji, wa kuzaliwa hapahapa, kambi hajaiona na macho, naye aliitia yake kwenye sufuria akafunika. Halafu nikachelewa shantie, na kule nikamwambia Simoni tunayefanya naye yedi, anatoka Buraza. Simoni alirudi kwao Jumamosi na miguu yake na kuwaambia. Jumatatu wale wa jile wakapanda Buraza. Ndiyo hiyo hakuna ya kwenye karatasi.

Kwangu walikuwa wamefika kesho yake ya siku niliyokimbia. Simenti ilikosekana siku hiyo, nilikuwa nyumbani. Alikuja binti mmoja, mpole, amechoka jua. Redio yangu nilikuwa nimeiingiza kwenye gunia la maharagwe. Lakini ile redio kitufe kilikufa zamani, haizimiki mpaka utoe betri, na mi nilikuwa na haraka. Niliipunguza sauti tu. Nikakaa mlangoni kwa mbele.

"Mzee, nyumba hii iko na redio?"

"Haina."

"Na kwenye simu, hamusikilizi?"

"Simu ni mbovu."

Ikawa saa sita na nusu. Ndani ya gunia Anisia akaanza. Nilisikia, "Habari zenu wapenzi wa michezo, popote mulipo." Sauti ilikuwa inatoka chini kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, lakini ilikuwa ya kwake kabisa. Binti akaangalia gunia. Akaniangalia mimi.

"Na huyo anayeongea ni nani?"

"Ni jirani."

"Jirani yako ana sauti nzuri, mzee," akasema. Akaandika anachotakiwa kuandika. Wao wanaandika mtu alivyojibu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa heshima. Jioni tulicheka na Shakila mpaka akashika tumbo. Nilijiona mjanja. Niliwaokoa watu wa mistari mitatu, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Tukangoja hela. Mwezi wa tano, wa sita. Hakuna kitu. Hatukujiuliza. Msaada kukosa kuja si jambo la kushangaza mtu.

Basi pale kwa Nassoro nilimwambia yote. Nilimwambia tulidanganya. Redio ziko, kila nyumba iko nayo, na nyingi zilikuwa kwenye Kiwanja, twende mimi na we sasa hivi nikuonyeshe moja moja.

Akaivuta ile karatasi upande wake. Nafikiri hakuamini hata nusu. Mzee kaja kumtetea mtoto, kapata hadithi.

"Tuseme ni kweli," akasema. "Mi nikawaambie wafanyabiashara nini? Kwamba Gitega ilificha redio kwenye maharagwe? Karatasi ni hiyo, wameshailipia. Nyingine ni mwaka kesho."

Akanisindikiza mpaka getini ameshika mkono wangu, vile unavyoshika mtu wa msiba.

Nikaenda kwa Husni wa mabati. Huyo ndiye alikuwa analipia kipindi cha pili miaka mitatu mfululizo. Nikamkuta dukani, na redio yake iko kwenye rafu, imewekwa Kiwanja! Mhubiri anapiga kelele.

"Husni," nikasema, "we si unasikiliza?"

"Kila siku. Nilikuwa namsikiliza Mama Goli mpaka chakula kinapoa. Huyu wa sasa ananiumiza kichwa."

"Sasa kwa nini umeondoa tangazo lako?"

"Mzee Damiano, mi nasikiliza. Lakini mi sijiuzii bati mwenyewe."

Wenzake dukani walicheka. Mi pia karibu nicheke, sababu ni kweli. Nikamwambia watu wa kwetu walisikiliza wote. Akajibu, "Basi wangesema." Akageuka kupima misumari ya mteja.

Basi wangesema. Nimetembea na neno hilo mpaka leo.

Anisia alikuwa ameshaona ile karatasi. Nassoro alimwonyesha. Kazi kupotea aliichukua kama mtu mzima, ni redio, zinafungwa, zinafunguliwa. Kilichomvunja ni ule mstari wa Magarama. Nyumba arobaini, mmoja. Angekuta sifuri huko mbali, Ngozi au Rutana, asingejali. Lakini kwao! Watu waliokuwa wanamwita Mama Goli kila asubuhi!

Alinieleza mara moja tu, anapepeta mchele, haniangalii. "Baba, mwenye mabati hanunui sauti yangu. Ananunua masikio ya watu. Na masikio ya watu wetu hayakuwepo. Miaka mitano walikuwa wananicheka tu."

Sasa hapiti barabara ya chini. Anazunguka kwa nyuma, kwenye mfereji. Mtu akimwita Mama Goli anafikiri anachekwa na hajibu. Shakila alimwita juzi kwa mapenzi kabisa, akapigwa jicho mpaka akaniuliza mtoto ana nini. Madaftari yake ya wachezaji, yale yenye majina na namba na nani alifunga lini, ameyatoa. Anayafungia karanga. Anauza karanga mbele ya duka la mtu. Naziona namba za wachezaji zinakwenda na karanga, ukurasa kwa ukurasa.

Nilikaa siku kumi bila kusema. Ndiyo, siku kumi. Mi mwoga, we unajua. Nilikuwa nakula chakula chake na sisemi.

Jumapili iliyopita tumetoka kanisani nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, jile, kukimbia, gunia, na neno nililomjibu yule binti. Nilitegemea atalia au atanifukuza kwenye meza. Dada, alicheka kidogo. Akanishika bega.

"Baba, asante. Lakini usinitungie hadithi."

"Sikutungii."

"We ni baba yangu, lazima useme kitu. Nimekuelewa. Kula."

Nikaapa. Akasema usiape. Nikamwambia kambini ndivyo tulivyofanya, ni mazoea yetu. Akasema yeye hakumbuki mazoea hayo, na Mama hakuwahi kumwambia. Kweli hakumwambia. Emerensiana alikuwa anaona haya, baada ya kurudi hakutaka mambo ya kambi yasemwe mbele ya mtoto.

Nikaenda kumleta Shakila. Nikamweka mbele ya Anisia, nikamwambia, Shakila, mwambie mtoto mwezi wa nne ulifanya nini na redio yako.

Shakila akajifunga kitenge upya. "Redio? Redio gani, Baba Anisia? Mi sina redio. Sijawahi kuwa nayo."

"Shakila!"

"Mi ni mjane, nitatoa wapi redio? Mwanangu Anisia, kama ningekuwa nayo ningekusikiliza we tu, haki ya Mungu."

Anisia akamshukuru. Akamfungia karanga za bure. Akaingia ndani.

Nilimfuata Shakila mpaka kwenye ua wake nina hasira za kupasua tofali. Akanigeukia yeye.

"We umekuwa wazimu? Unaniita nishuhudie mbele ya mtu? Wakisikia wataniondoa kwenye lisiti ya maskini!"

"Hakuna lisiti. Walikuwa ni watu wa redio."

"Nani kakuambia?"

"Direkta mwenyewe."

"Ndivyo wanavyosema ili tulegee. We si ndiye ulituambia tufiche? Mi nafuata ulivyotuambia. Hela zikija usije kwangu kukopa."

Na nyuma yake, ndani, redio inaongea. Nilikwenda kwa wengine watatu. Wote hawana redio. Hawajawahi. Mmoja alinijibu hivyo na waya ya antena imetundikwa kwenye mti juu ya kichwa chake. Nimewafundisha vizuri mno.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nakuhitaji.

Pale Muyinga, ile siku ya laini iliyokufa, kwenye majani alikuwa amekaa mtu mmoja wa redio ndogo ya huko. Wanataka mtangazaji wa mpira kwa Kiswahili, na Muyinga watu wa Kiswahili iko wengi. Alimsikia kipindi cha pili chote. Amemtafuta. Amempigia mara mbili. Wanamtaka Jumamosi tarehe 25 mwezi huu aende kutangaza mechi moja, wamsikilize, na wakiridhika wampe kazi. Mshahara ni mdogo kuliko wa Kiwanja. Chumba wanatoa.

Anisia amekataa. Anasema yule mtu alimwonea huruma, alimwona mwanamke anapiga kelele peke yake uwanjani kama kichaa. Anasema, "Kama watu wa nyumbani hawakunisikiliza, nikawapigie kelele watu wa Muyinga?" Yule mtu amesema atamngoja mpaka hiyo Jumamosi, baada ya hapo anachukua mwingine. Iko kijana anaitaka.

Mimi siaminiki. Majirani wanaogopa. Amebaki mtu mmoja aliyekuwepo kambini na ambaye Anisia anaamini neno lake. Ni we. We hujawahi kumbembeleza. We ndiye ulimwambia usoni, alipokutumia sauti yake mara ya kwanza, kwamba anaongea kama anafukuza kuku, na alikasirika wiki nzima halafu akapunguza mwendo. Mpaka leo anasema shangazi hasifii mtu bure.

Mpigie simu. Namba yake ni ileile. Mwambie jinsi tulivyokuwa. Mwambie ile hesabu ya mwaka wa elfu mbili, walipotukuta ghafla na maharagwe yameisha, hatuna pa kuficha. Ulichukua redio, ukaifunga kwenye kitenge, ukailaza kitandani na kumlaza yeye juu yake. Alikuwa na mwaka mmoja. Yule mzungu aliingia, akaona mtoto amelala, akatoka kwa vidole vya miguu asimwamshe. Emerensiana hakumwinua mtoto mpaka jioni. Mi nikimwambia hiyo atasema nimetunga, ni nzuri sana. Kwa mdomo wako haitakuwa nzuri. We hujui kupamba.

Usimwombe anisamehe. Hiyo ni yangu na yeye. Na usiseme kwamba ilikuwa bahati mbaya, sababu haikuwa. Nilimsikia mtoto wangu anaongea na nikasema ni jirani. Mwambie baba yake ni mwongo, alikuwa mwongo kambini na amekuwa mwongo Magarama, na ile karatasi imejaa uwongo wake. Mwambie hivyohivyo, kwa ukali. Akiamini kwamba mi ni mwongo ataamini na lile lingine, kwamba watu walimsikiliza. Anaweza kunichukia. Nitapika mwenyewe, nilishapika kabla. Lakini akibaki hapa na hizo karanga akifikiri miaka mitano aliongea na ukuta, hicho sitaweza kukiangalia kila siku mpaka kufa.

Barua hii anaibeba Manase, mtoto wa marehemu Stefano, anashuka na lori Muyinga Jumanne halafu anavuka mpaka wa Kobero. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, sio kwa mtu mwingine. Akifika mpe maji na umwangalie miguu, naye anatembea sana. Ukiisoma mapema, piga mapema. Tarehe 25 haingoji.

Nisalimie shemeji Eliud, mwambie dawa ya kifua ile ya majani asiiache. Nisalimie Jeska na mume wake na watoto wote, hata yule ambaye sijamwona. Nisalimie mama mkwe wako kama bado ananikumbuka. Simoni anakusalimu, ingawa hamjuani, anasema Buraza wana aibu.

Mungu akulinde we na nyumba yako, akuache na miguu yako, na asikukute siku yoyote umepungukiwa.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni, nakupenda hata nisipoandika,

Damiano